Ladha ya Kahawa ya Kivu: Historia ya Kilimo na Matayarisho Yake

Kwa muda wa miaka mingi, kahawa iliyovunwa kwenye milima ya magharibi ya ziwa Kivu ilinywewa ugenini bila jina lake. Ilivuka ziwa usiku ndani ya mitumbwi, ikachanganywa na kahawa ya ng'ambo, ikasafirishwa kama kahawa ya Rwanda au ikatiwa katika michanganyiko isiyotaja nchi yoyote. Ile iliyofika sokoni kwa jina la Zaire, na baadaye la Kongo, ilihesabiwa kuwa kahawa hafifu, ya kujazia gunia. Hukumu hiyo haikuwa ya uongo, lakini watu walikosea sababu yake. Milima ile ile na mvua ile ile, na mara nyingi hata mibuni ile ile iliyozeeka, imetoa tangu miaka ya 2010 kahawa inayosifiwa na waonjaji wagumu kuridhika. Kilichobadilika ni matumizi ya muda: saa na siku zinazopita tangu tunda kuchumwa hadi buni kukauka, na mtu mwenye mamlaka juu ya saa hizo.

Msamiati wenyewe wa Kiswahili unasaidia kueleza jambo hili. Kahawa, kutoka Kiarabu qahwa, ni jina la kinywaji kwanza. Tunda na punje mbichi huitwa buni, kutoka bunn ya Waarabu, na mti wake ni mbuni. Katika Kiswahili cha Kivu na cha Katanga watu wengi husema kawa tu, kwa mti, kwa punje na kwa kikombe. Si kosa, ila tofauti ile ya zamani ina faida, maana sehemu kubwa ya yale yanayoamua ladha hutokea wakati kahawa ingali buni, kabla moto haujaigusa. Mkaangaji hodari aweza kudhihirisha wema uliomo ndani ya punje, tena aweza kuuharibu. Kuutia usipokuwamo hawezi.

Kongo ina nafasi yake katika historia ya mimea hiyo. Robusta, mbuni wa nchi za chini zenye joto, ni mzaliwa wa misitu ya Afrika. Mbegu zilizokusanywa Kongo mwishoni mwa karne ya 19 na mtaalamu wa mimea Mbelgiji, Émile Laurent, zilipitia Brussels, ambako nyumba ya biashara ya miche iliziuza kwa jina hilo la robusta, na mwanzoni mwa karne ya 20 zikafika Java. Huko kutu ya majani, ugonjwa ulioonekana Ceylon mwaka 1869 na kuimaliza kahawa ya kisiwa kile, ilikuwa imekwisha kuangamiza sehemu kubwa ya mibuni ya arabika. Arabika, kwa upande wake, ni mgeni Kongo. Asili yake ni nyanda za juu za Ethiopia, ikalimwa Yemen, kutoka Yemen Wafaransa wakaipeleka mwanzoni mwa karne ya 18 katika kisiwa cha Bourbon, kiitwacho leo Réunion, na aina mojawapo ikachukua jina la kisiwa. Katika Maziwa Makuu wamisionari waliipanda Mibirizi, karibu na ncha ya kusini ya ziwa Kivu, katika miaka ya kwanza ya karne ya 20.

Eneo lile lilikuwa kama limeandaliwa kwa ajili yake. Uso wa ziwa wenyewe uko kwenye mita 1,460 hivi juu ya bahari, na mashamba hupanda hadi karibu mita 2,000. Nchi ipo karibu na ikweta, hivyo jua halikosekani, lakini kimo huleta ubaridi wa usiku. Katika ubaridi tunda huiva polepole, punje huwa ngumu na nzito, na hukusanya sukari na asidi ambazo katika nchi ya joto zisingepata nafasi ya kukua. Udongo wa sehemu nyingi una asili ya volkano. Haya yote ni kipaji cha mahali. Wenye kuuza kahawa hupenda kuyataja kana kwamba yanatosha.

Wabelgiji waliyaona mapema. Mwaka 1928 iliundwa Comité National du Kivu, iliyopewa ardhi kubwa ili kuwavuta walowezi wa Ulaya, na mashamba ya arabika yakaenea kandokando ya ziwa. Mwaka 1933 ilianzishwa INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo, ambayo kituo chake cha Mulungu, katika Kivu ya Kusini, kilishughulikia uteuzi wa aina za arabika, wakati Yangambi ilijulikana kwa robusta. Upande wa pili wa ziwa, katika Ruanda-Urundi, utawala ule ule ulifuata njia nyingine: tangu mwanzo wa miaka ya 1930 wakulima wadogo walilazimishwa kupanda mibuni yao wenyewe. Tofauti hii ilikuja kuwa na matokeo marefu. Katika Kivu mitambo ya kumenya, mifereji ya maji na mahodhi ya saruji vilikuwa ndani ya mipaka ya shamba la mlowezi. Mfanyakazi Mkongomani alichuma, aliosha na kugeuza buni juani kwa amri. Ladha iliyotafutwa hakuelezwa, na kahawa yenyewe mara nyingi hakuinywa. Nyumbani palikuwa na pombe ya ndizi, baadaye na chai.

Ili kuelewa kilichopotea baadaye, yafaa kulifuata tunda lenyewe. Mbuni hauivishi matunda yake kwa siku moja. Kwenye tawi moja hukaa pamoja tunda jekundu, la manjano na la kijani, kwa hiyo mchumaji mwangalifu hurudi kwenye mti ule ule mara nyingi katika msimu. Tunda bichi huleta ukakasi, ule unaokaza ulimi kama ndizi isiyoiva. Lililopita kiasi huleta harufu ya siki. Anayekwangua tawi zima kwa mkono mmoja huyatia yote mawili katika kikombe, wala hakuna mashine itakayoyatenga kikamilifu baadaye.

Tunda likishachumwa, huanza kuchachuka ndani ya ngozi yake. Hili ndilo jambo ambalo mgeni wa kazi hii huwa halijui: saa zinahesabiwa tangu pale, na kwa kawaida tunda hutakiwa kumenywa siku ile ile. Kwanza hutiwa majini, na yale mepesi, yaliyotobolewa na wadudu au yenye punje tupu, huelea na kuondolewa. Kisha mashine humenya ngozi nyekundu. Punje zinabaki zimevaa ganda gumu, na juu ya ganda kuna ute mtamu unaonata, usiotoka kwa maji peke yake. Huachwa katika hodhi kwa saa 12, 18, pengine zaidi kukiwa na baridi, mpaka vijidudu visivyoonekana kwa macho viumeng'enye ute huo. Msimamizi hutia mkono ndani ya hodhi na kusugua punje kiganjani. Zikikwaruzana kama changarawe, ute umeachia. Akichelewa, uchachu hupenya ndani ya punje, na punje chache zilizooza hivyo zatosha kunukisha gunia. Kisha huoshwa katika mfereji mrefu, ambamo maji yenyewe huzigawa: nzito huzama na kubaki nyuma, nyepesi hutangulia.

Kukausha ndiko kunakodai uvumilivu zaidi. Buni itokayo majini yenye ganda lake, ile ambayo wakulima wa Kivu huiita parche kwa jina la Kifaransa, huwa na maji zaidi ya nusu ya uzito wake, na haina budi kushuka hadi asilimia 11 au 12. Huanikwa juu ya vichanja vilivyoinuliwa, hewa ipite juu na chini, kwa muda wa majuma mawili hadi matatu. Hugeuzwa mara kwa mara, hufunikwa jua linapokuwa kali ili ganda lisipasuke, hufunikwa tena mvua inapotishia, nayo katika Kivu hutishia kila alasiri ya msimu. Wakati huo wote mikono, mingi ikiwa ya wanawake, hupita juu ya vichanja ikitoa punje zenye kasoro moja baada ya nyingine. Ikikauka kwa pupa, kahawa hupoteza harufu yake baada ya miezi michache. Ikiachwa na unyevu, huota ukungu. Ikianikwa chini, huvuta harufu ya udongo na ya chochote kilichopita hapo.

Mpango huu wote wahitaji maji safi, mitambo, watu wanaolipwa, na kesho inayoaminika. Katika Kivu vitu hivyo viliondoka kimoja kimoja. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza hatua zilizoitwa zairianisation, na mashamba ya wageni yakakabidhiwa watu waliojulikana kama acquéreurs. Wengi wao hawakuwa wakulima. Mitambo haikutengenezwa tena, mibuni haikupogolewa, na urudishaji wa sehemu ya mali uliofuata haukuweza kufufua kilichokwisha kutu. Hata hivyo kahawa haikufa. Ilihamia kwa wakulima wadogo, waliopanda miche kando ya migomba na maharage yao, na hili lafaa kuhesabiwa kuwa faida: Mkongomani wa Kivu alikuwa mwenye mti. Ila alikuwa na mti bila hodhi. Alimenya kwa mashine ndogo ya mkono, au kwa jiwe, akachachusha ndani ya ndoo, akaosha kwa maji aliyoyateka mtoni, akaanika juu ya turubai au uani. Kila nyumba ilikuwa na saa zake, na mfanyabiashara alimimina kahawa ya nyumba mia katika gunia moja.

Bei nayo haikufundisha uangalifu. Baridi kali ilipoteketeza mashamba ya Brazil mwezi wa Julai 1975, bei ya dunia ilipanda mno, lakini fedha ya Zaire iliyothaminishwa kupita kiasi na kodi za kuuza nje zilimfanya mkulima apate zaidi kwa kuvusha mpaka kuliko kwa kuuza kihalali. Magendo yakawa biashara ya kawaida. Mwezi wa Julai 1989 mfumo wa mgao wa Mapatano ya Kimataifa ya Kahawa ulivunjika, na bei ikaanguka. Wakati huohuo ugonjwa wa kunyausha ulikuwa ukiua robusta ya kaskazini-mashariki. Mwishoni mwa miaka ya 1980 nchi ilikuwa ikiuza nje zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka, sehemu kubwa robusta. Katika miaka ya 2010 hesabu rasmi zilikuwa karibu na tani 10,000.

Kisha zikaja kambi za wakimbizi za mwaka 1994, vita vya 1996 na vya 1998. Barabara zilifungwa, wanunuzi wakaondoka, na ng'ombe na mbuzi, ambao walikuwa akiba ya familia, wakaporwa. Kwa watu wa Idjwi na wa pwani ya Kalehe ilibaki njia moja ya kupata chumvi, sabuni na nguo, nayo ni ziwa. Mitumbwi iliondoka gizani ikiwa imejaa parche kupita kiasi, ikiwakwepa askari wa pande zote mbili, na dhoruba za ziwa Kivu hazina ratiba. Wengi walizama. Katika vijiji vya kisiwa wapo wajane wengi ambao waume zao hawakufa kwa risasi bali kwa kahawa.

Ni rahisi kumlaumu mkulima wa miaka ile kwamba aliharibu ladha. Hesabu yake ilikuwa nyingine, tena sahihi. Mnunuzi wa ng'ambo alilipa kwa uzito, bila kutenganisha nzuri na mbaya. Parche yenye unyevu ina uzito kuliko iliyokauka. Na kila siku iliyopita kahawa ikiwa uani ilikuwa siku ya kuporwa. Kwa hiyo alichuma mapema, kabla mwizi hajachuma, na aliuza ikiwa mbichi nusu. Uharaka ule ulionekana kikombeni: ukakasi wa matunda mabichi, siki ya ndoo iliyosahauliwa, ukungu wa gunia lenye maji.

Wakati huo dunia ya wanywaji ilikuwa ikibadilika. Mwaka 1974 Erna Knutsen, mfanyabiashara wa kahawa wa Marekani mzaliwa wa Norway, alitumia katika gazeti la biashara hiyo jina ambalo kwa Kiswahili laweza kufasiriwa kahawa ya pekee, akimaanisha kahawa ambayo ladha yake yatokana na mahali maalumu. Baadaye desturi ilikaa kwamba kahawa ya namna hiyo sharti ipate angalau alama 80 katika 100 mezani kwa waonjaji. Rwanda ndiyo iliyolichukua somo hilo kwanza katika eneo hili: kituo cha kuoshea cha Maraba kilianza kazi mwaka 2001 kwa msaada wa vyuo vikuu, na mwaka 2008 nchi ile ikawa ya kwanza Afrika kufanyiwa mashindano ya Cup of Excellence. Watu wa Kivu waliyaona hayo kwa macho yao, kwa kuwa baadhi ya kahawa iliyovuka ziwa ilikuwa yao.

Mwaka 2003, katika Minova, Joachim Munganga aliwakusanya wakulima katika ushirika wa SOPACDI na kuanza kufufua kituo cha zamani cha kuoshea. Vyama vingine vilifuata upande wa Kalehe na Idjwi, kimojawapo kikajiita Muungano; kaskazini, kuelekea Beni na Ruwenzori, vikaanzishwa vituo vidogo vingi vinavyohudumia wakulima wachache kila kimoja. Badiliko kubwa lililoletwa halikuwa la mitambo. Kituo hununua tunda, hakinunui parche. Mkulima hufika mchana akiwa na kapu. Matunda humwagwa mbele yake. Ya kijani hutengwa na kurudishwa. Yaliyobaki hupimwa na kulipwa. Hivyo wekundu wa tunda ulipata bei, na zile siku za hatari za kuchachusha na kukausha zilitoka uani kwa mtu mmoja zikawa mzigo wa ushirika. Kilo moja ya buni tayari kwa kukaangwa hutaka kilo sita au saba za matunda. Kwa hiyo mtu anayebeba tunda mlimani hubeba mara nyingi zaidi ya yule wa parche, na umbali wa kituo ukawa jambo la ladha pia. Tunda likitembea saa nyingi ndani ya mfuko wa plastiki chini ya jua, hufika limekwisha kuharibika, hata kama lilichumwa kwa uangalifu wote.

Kuna adui mmoja ambaye uangalifu haujammaliza. Kahawa za Maziwa Makuu, iwe Rwanda, Burundi au Kivu, hupatwa na dosari ambayo waonjaji huiita ladha ya kiazi. Punje haionyeshi dalili ya hakika kwa macho. Harufu ya kiazi kibichi kilichomenywa hutoka wakati wa kusaga, na punje moja yatosha kuharibu kikombe kizima, huku kikombe cha pili kutoka gunia lile lile kikiwa safi. Harufu hiyo yatokana na kemikali za kundi la pirazini, nayo imehusishwa na mdudu antestia, wa jamii ya kunguni, atoboaye tunda lingali mtini. Dawa zilizotumika zamani ni pamoja na zile za pareto, ua linalolimwa pia katika milima ya Kivu ya Kaskazini. Kupogoa miti ili mwanga upite, kuchuma matunda yote ya mwisho wa msimu yasiwe makao ya mdudu, kuelesha na kuchambua: hatua hizi hupunguza dosari bila kuiondoa. Mnunuzi mgeni anayekutana nayo mara moja aweza kuikataa nchi nzima, na hapo kazi ya maelfu ya mikono huhukumiwa kwa punje moja.

Tangu katikati ya miaka ya 2010 mashindano ya Saveur du Kivu yameleta uonjaji nyumbani, na vijana wa Bukavu na Goma wamejifunza kuvuta mnywo wa kahawa kijikoni kwa kelele, kama kazi hiyo itakavyo. Kwa wapenzi wa Kiswahili, hapa pana shamba jipya. Waonjaji wa Ulaya na Marekani huitaja kahawa kwa matunda ya kwao, na mkulima wa Kalehe akisomewa karatasi ile haambiwi kitu. Anapoambiwa kwamba kahawa yake ina uchachu wa marakuja, utamu wa asali ya mlimani, na haina ukakasi, anaelewa mara moja, tena aweza kuuliza ni hodhi la siku gani lililotoa hivyo. Watu wa pwani ya Uswahili, wanywaji wa kahawa chungu katika vikombe vidogo, wana maneno yao. Lakini uchungu ule ni wa moto na wa desturi, na kahawa ya Kivu ikikaangwa hivyo hufichwa zaidi ya nusu ya sifa zake. Lugha ya kuonja ya bara haijaandikwa, ingawa maneno yake yapo vinywani.

Mwezi wa Januari 2025 kundi la M23 liliishika Goma, na mwezi wa Februari Bukavu. Benki za miji hiyo zilifungwa. Katika Kivu ya Kusini mavuno makuu huanza kukolea mwezi wa Machi, na kwa desturi kituo cha kuoshea hulipa fedha taslimu jioni ile ile tunda linapopokelewa. Mkulima asipolipwa, mashine ya mkono ingali nyumbani kwake, na mtumbwi uko ufukweni.